Muulize Muuguzi: Kabla ya maziwa ya kopo, mama mwenyewe amekula nini?

SWALI: Takwenya dada. Mi ni Mmasai wa Simanjiro ila nipo Dar nafanya kazi ya ulinzi, nyumbani naenda mara chache. Mtoto wetu wa pili ana miezi minne sasa. Mama yangu anasema maziwa ya mke wangu ni mepesi kama maji, hayamshibishi mtoto, kwahiyo wanamwongezea ya mbuzi na samli kidogo, lakini kliniki wamesema uzito umeshuka. Nataka kutuma hela wanunue maziwa ya kopo, je yapi mazuri? Na kuna dawa ya kuongeza maziwa? (Baba wa Wawili, Mbezi)

JIBU: Iko, kaka yangu, salamu nimeipokea. Kabla hujamaliza kusoma piga simu nyumbani, mtoto wa miezi minne akishuka uzito hasubiriwi, apelekwe kituo cha afya leo au kesho, na mama yake apimwe siku hiyo hiyo. Usiwaambie wakate maziwa ya mbuzi ghafla kama mtoto ameshayategemea, hilo waelekezwe na muuguzi atakayemwona, atapunguza kidogo kidogo huku mtoto ananyonyeshwa mara nyingi zaidi, usiku na mchana.

Sasa hayo maziwa mepesi. Maziwa ya mwanzo wa kunyonya yanaonekana mepesi kwa kila mama, yale yenye mafuta mengi yanakuja kadiri titi linavyokaribia kuisha, kwahiyo mama anayekatishwa katikati kwa sababu ndama wamerudi au maji hayajachotwa, mtoto wake anaishia kwenye yale ya mwanzo tu. Halafu mwili unatengeneza maziwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya, kila kikombe cha mbuzi kinachomshibisha ni zamu moja ya titi imepotea, na kesho maziwa yanapungua kweli, wote wanasema si mnaona! Kikombe chenyewe kikiwa hakijaoshwa vizuri anaharisha, na akiharisha uzito unashuka.

Ila mi ningependa kujua habari za mke wako zaidi ya habari za maziwa yake. Anatembea umbali gani kufuata maji? Kuni je? Nyumba ikivuja nani anaikandika, si ni yeye? Mtoto wa kwanza alikuwa na umri gani alipobeba mimba hii? Na miezi ya mwisho ya ujauzito alikula au alijinyima? Nauliza hilo la mwisho kwa sababu kina mama wengi wa Kimasai wanapunguza chakula mimba ikikua ili mtoto awe mdogo azaliwe kwa urahisi, na sitaki mtu aite huo ujinga, ukiwa mbali na hospitali ya upasuaji, mtoto kukwama njiani ni kifo, kwahiyo wanawake walitafuta njia waliyoiweza. Lakini gharama yake ipo, mtoto anazaliwa na uzito mdogo na mama anaanza kunyonyesha akiwa ameshaisha. Dawa ya hofu hiyo ni kusogea karibu na hospitali wiki za mwisho, na hapo ndio hela ya baba inatakiwa iwe tayari mapema.

Damu nayo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wanawake 42 kati ya 100 wa umri wa kuzaa hapa Tanzania wana upungufu wa damu. Mtoto anaweka akiba yake ya madini chuma akiwa tumboni, ile akiba inamfikisha kama miezi sita, kwahiyo mama mwenye damu kidogo anazaa mtoto mwenye akiba kidogo. Na mama wa hivyo anachoka, anasinzia na mtoto kifuani, wengine wanapata sonona kabisa wanakaa kimya na watu wanasema ana kiburi. Muulize mkeo kama zile tembe za kuongeza damu alipewa na kama alizimeza.

Zamani bomani mama aliyejifungua alichinjiwa kondoo, akanywa supu na mafuta, wanawake wenzake wakamfanyia kazi. Huo ni utaratibu mzuri sana. Lakini ukame wa 2021 na 2022 uliua mifugo mingi mno Simanjiro na Longido, na hata waliobaki wakipelekwa mbali kutafuta malisho maziwa yanaondoka nao, pale nyumbani inabaki ugali na chai ya sukari, ndicho anachokula huyo mnayedai maziwa yake ni mepesi.

Kwahiyo kopo usitume. Linataka maji safi ya kuchemsha, kuni, vyombo safi kila mara, likikaribia kuisha watu wanazidisha maji ili lifike mwisho wa mwezi. Tuma hela ya maharage, mayai, dagaa, mafuta ya kula, na ya kukodi punda wa kubeba maji, na uitume kwenye simu ya mke wako mwenyewe sio ya kaka yako. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi ya alivyokula kabla ya mimba, karibu mlo mmoja wa ziada kwa siku, hiyo ndio dawa unayoulizia pamoja na kunyonyesha mara kwa mara. Mama yako mzazi usimgombeze, mpigie umwombe kwa heshima amshikie mkeo maji na kuni miezi hii miwili, yeye ndiye mwenye sauti pale.

SWALI: Shikamoo dada. Mi nipo Mang'ola, nafanya vibarua kwenye mashamba ya vitunguu. Mtoto ana miezi kumi na nimegundua nina mimba. Majirani wanasema nimembemenda mtoto, yaani mimba imemharibia maziwa, nimwachishe ziwa haraka. Mchana anakaa na mama yangu, sisi ni Wahadzabe, anampa uji. (Mama Kijacho)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa maneno ya watu. Mimba haiharibu maziwa. Endelea kumnyonyesha, isipokuwa kama unatokwa damu au uliwahi kuzaa kabla ya miezi kutimia, hapo dokta akuone kwanza. Kinachomkondesha mtoto wa hivi ni kuachishwa ghafla halafu akapewa uji mweupe wa mahindi mtupu. Uji wake uwekewe karanga zilizosagwa au dagaa wa unga, ale yai, maharage yaliyopondwa, ubuyu, mara tatu hadi nne kwa siku. Na wewe anza kliniki sasa hivi, mwili wako haujapata muda wa kupumzika na una watoto wawili wa kulisha.

Mama yako ni hazina kubwa. Watafiti waliokaa na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi miaka ya 1980 walikuta kwamba mama akiwa na kichanga, uzito wa yule mtoto mkubwa unafuata bidii ya bibi katika kuchimba mizizi ya kula porini, sio ya mama. Sa hivi maeneo mengi ya kuchimba yamekuwa mashamba, bibi anategemea mnachonunua. Basi kwenye hela ya kibarua ya karanga na mayai itoke kwanza, umwachie bibi asubuhi.

SWALI: Mtoto wa miezi saba anaruhusiwa chai ya maziwa? (Bibi wa Longido)

JIBU: Shikamoo bibi. Hapana, majani ya chai yanazuia madini chuma kuingia mwilini. Mama yake naye akitaka chai asinywe pamoja na chakula, aiache ipite kama saa nzima, na zile tembe za damu azimeze kwa maji.