Mizabibu ya mlimani Nakuru: chagua kwanza mwezi wa kuvuna

Ufaransa, baridi ya Desemba humwangushia mkulima majani yote na kulaza mizabibu hadi majira ya kuchipua. Huku kwetu mstari wa ikweta unapita kaskazini mwa kaunti ya Nakuru, Kenya, na mzabibu haulali kamwe. Ukiachwa, tawi moja litakuwa na maua, jingine zabibu mbichi, na la tatu zabibu zinazooza, yote kwenye shina moja. Kinachosimama mahali pa baridi ni makasi ya kupogoa. Kwa hiyo mtu anayetaka mvinyo mwekundu mzuri Bahati, Subukia au kwenye miteremko ya Eburru hapaswi kuanza kwa kuuliza pipa la mwaloni linauzwa wapi. Aanze kwa kuuliza atavuna mwezi gani, kisha ahesabu kurudi nyuma.

Miezi mikavu zaidi huku ni Desemba hadi Februari, na hapo ndipo zabibu ziivie. Kwenye mwinuko wa mita 1,900 hadi 2,100, aina kama Shiraz na Cabernet Sauvignon huchukua takriban miezi mitano au zaidi kidogo tangu kupogolewa hadi kuvunwa. Pogoa wiki ya kwanza ya Septemba, nawe utavuna Februari. Maua yatatoka kama wiki nane baadaye, yaani mwisho wa Oktoba, na mvua za vuli zitakuwa zimeanza. Hiyo ndiyo gharama ya kalenda hii: utapulizia dawa ya ukungu bila kukosa Oktoba na Novemba. Ni nafuu kuliko kuivisha zabibu mwezi wa Aprili, mvua ya masika inapopasua maganda na vishada kuoza katika siku chache.

Baada ya mavuno ipumzishe mimea kama mwezi mmoja, kisha pogoa tena mvua za masika zinapoingia. Upogoaji huu wa pili si wa matunda. Ng'oa kila kishada kinachojitokeza ili nguvu yote iende kwenye matawi yatakayozaa baada ya kupogolewa Septemba. Wakulima wa Nashik, India, wanafuata mtindo huuhuu: kupogoa mara mbili, kuvuna mara moja. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, na mtu akiona hivyo hutamani. Kwa mvinyo mwekundu wa mlimani tunasema usijaribu. Mavuno ya pili yataangukia mvua, sukari itakuwa ndogo, na shina litachoka mapema.

Tatizo linalowashinda wengi ni macho ya tawi kutochipuka pamoja. Penye joto la wastani mwaka mzima, macho ya nchani huamka na ya chini hubaki yamelala. Matokeo yake ni vishada vilivyopishana wiki tatu, na ukivivuna siku moja mvinyo utakuwa na ladha ya majani mabichi. Dawa yake ni hatua zinazofuatana. Punguza maji wiki tatu kabla ya kupogoa. Ondoa majani yote kwa mkono. Kata kila tawi libaki na macho mawili tu, kwa sababu Shiraz na Cabernet huzaa vizuri kwenye macho ya chini. Kisha, ndani ya saa 24 hadi 48, paka macho hayo kwa brashi dawa ya kuyaamsha, haidrojeni sianamidi, iliyochanganywa kwa kipimo cha lebo, na urudishe maji mara moja. Hakikisha agroveti anakuuzia dawa iliyosajiliwa nchini.

Tahadhari moja kubwa: anayeshika sianamidi asionje pombe ya aina yoyote, si siku moja kabla, wala wiki nzima baadaye. Kemikali hii huzuia mwili kuvunja mazao ya pombe, na hata glasi moja inaweza kuleta moyo kwenda mbio, kushindwa kupumua na kuzirai. Katika familia inayotengeneza mvinyo hili si jambo la kuchukulia kwa mzaha. Mpe kazi hiyo mtu asiyekunywa kabisa.

Kuhusu shamba lenyewe, sahau vitabu vinavyosema mteremko uelekee kusini. Hapa jua liko utosini. Chagua mteremko unaotazama mashariki, maana jua la asubuhi hukausha umande kabla ukungu haujaota. Epuka bondeni: hewa baridi ni nzito, hutiririka usiku na kutuama chini kama maji, na ndiyo maana jalidi huchoma viazi vya bondeni ilhali vya juu vimesalimika. Halijoto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukifika Molo au Mau Narok, zabibu nyekundu zitabaki chachu. Ondoa majani yanayofunika vishada upande wa asubuhi tu, kwani jua la saa nane la mwinuko huu huunguza maganda.

Udongo wa majivu ya volkano hupitisha maji vizuri, lakini mara nyingi una potasiamu nyingi, na potasiamu hupunguza makali ya asidi kwenye mvinyo. Pima udongo, na pima maji ya kisima pia. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina sodiamu na magadi, na mzabibu hauvumilii chumvi.

Panda kwa mita 2.5 kati ya mistari na 1.5 kati ya mashina, yaani kama mashina 1,080 kwa ekari, mistari ikifuata kontua juu ya matuta ya fanya juu. Nunua miche iliyounganishwa kwenye shina la chini kama 1103 Paulsen au 110 Richter. Ukiagiza kutoka nje, kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, kitangulie miche. Waya wa kwanza uwe sentimita 90 kutoka ardhini, na nguzo za mwisho uzichimbie sentimita 70 huku zimeegemezwa, la sivyo uzito wa mwaka wa tatu utazing'oa.

Ukungu ni wa aina mbili na dawa zake hazifanani. Ubwiri vinyoya huonekana kama madoa ya mafuta juu ya jani na vinyoya vyeupe chini yake. Hupenda mvua, na hukingwa kwa shaba. Ubwiri unga ni vumbi jeupe hata wakati wa ukavu, na hukingwa kwa salfa. Acha salfa wiki nne kabla ya kuvuna, maana mabaki yake ndani ya tangi hugeuka harufu ya yai bovu. Ndege wazuie kwa nyavu punde zabibu zinapoanza kubadilika rangi. Kuzumburu hawaogopi sanamu ya shambani hata kidogo.

Vuna alfajiri, rifraktomita (kipima sukari ya juisi) ikisoma briksi, yaani asilimia ya sukari, 23 hadi 24 na mbegu zikiwa kahawia, si kijani. Zidisha briksi kwa 0.57 upate asilimia ya pombe itakayotokea: 24 hutoa karibu 13.7. Kilo 500 zitatoa lita 300 na ushee za mvinyo. Ondoa vikonyo, ponda bila kuvunja mbegu, na nyunyizia gramu 45 za potasiamu metabisulfaiti, unga wa salfaiti unaozuia vijidudu. Pima pH, kipimo cha uchachu: ikipanda, uchachu umepungua. Ikizidi 3.6, ongeza asidi ya tartariki gramu 1 kwa lita, itashuka kwa karibu 0.1. Kesho yake loweka gramu 125 za hamira ya mvinyo, si ya mkate, katika lita 1.25 za maji ya nyuzi 38 kwa dakika 20, kisha mimina. Tofauti ya joto kati ya hamira na juisi isizidi nyuzi 10.

Maganda yatapanda juu. Yazamishe mara tatu kwa siku, hata usiku ukiwa wa baridi, maana yakikauka juu siki huanzia hapo. Fungua milango wakati wote wa kuchachuka, na mtu asiingize kichwa ndani ya tangi: hewa ya kaboni dayoksaidi huua bila kunusika.

Vitabu vingi huonya juu ya joto, lakini adui wa mlimani ni baridi. Usiku wa nyuzi 11 unaweza kusimamisha uchachukaji sukari ikiwa bado imo. Fungia tangi magodoro ya zamani, na lenga nyuzi 24 hadi 28. Baada ya siku nane hadi kumi hidromita, kipima uzito wa juisi, itashuka chini ya 1.000, yaani sukari imekwisha. Kamua, na uhifadhi kando kile cha mkamuo wa mwisho, kwani ni kikali mdomoni. Uchachukaji wa pili, wa bakteria, unaogeuza asidi kali ya tofaa kuwa laini, unataka nyuzi 18 au zaidi. Ukikwama kisha ukafungasha, utaanza tena ndani ya chupa na kusukuma vizibo. Ukishaisha, weka salfaiti huru miligramu 30 kwa lita, na jaza chombo hadi mdomoni kila wiki.

Mashina huzaa miaka 20 na zaidi, kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi, kabla ya kupanda, kwamba ekari hizo hazitagawanywa watoto wakiomba urithi. Kuuza ni suala jingine. Sheria ya 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo wengi bado huiita ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, inataka leseni. KEBS, shirika la viwango, watataka alama ya ubora, na KRA, mamlaka ya kodi, stempu kwenye kila chupa. Anzeni makaratasi hayo mwaka wa pili, mizabibu ikiwa bado haijazaa.