Kaka Yangu Katoka WhatsApp, Sasa Mimi Ndiye WhatsApp Yake

Kila ikikaribia Januari, na tena Kwaresima au Ramadhani inapoingia, kuna ndugu ataweka stetasi ya kuaga: natoka mitandaoni, mwenye shida na mimi anipigie. Pongezi zinafuatana hapo chini. Kaka yangu mkubwa naye aliaga hivyo hivyo. Akafuta Facebook, akafuta Instagram, akafuta na WhatsApp, akabaki na kisimu cha kupiga, kupokea na kutuma hela. Ukimkuta jioni kibarazani na wenzake wanacheza bao, uso umekunjuka, utatamani na wewe ufute kila kitu usiku huo huo.

Mimi namwonea fahari. Ila kuna jambo halisemwi kwenye zile stetasi za kuaga. Kaka alihama, lakini habari za ukoo wetu hazikuhama naye. Msiba ukitokea kijijini, tangazo linatua kwenye grupu la ukoo. Kikao cha mahari, ada ya mtoto wa marehemu mjomba, picha ya risiti ya dawa za bibi, vyote viko grupuni. Na kwa kuwa kaka hayumo, ujumbe unaniangukia mimi: "Mwambie kaka yako." Basi napiga.

"Kaka, shikamoo. Kikao kimesogezwa, sasa ni Jumapili baada ya ibada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kwa nani?"

Hapo sijui kwa nani. Inabidi nikate simu, nirudi grupuni, nipande juu kupita "Amina" na "Poleni sana wafiwa" lukuki, nilitafute lile jina, halafu nimpigie tena. Wakati huo futi kamba iko shingoni na mteja amesimama mbele yangu anasubiri kupimwa kiuno.

Kwa hiyo mtu akiniomba ushauri kama atoke au abaki, namuuliza kwanza: nani atakusomea? Maana kwa maisha yetu ya huku, anayetoka WhatsApp huwa anamwachia mtu kazi, na nikitazama familia ninazozijua, mtu huyo karibu kila mara ni mwanamke. Mke, dada, binti wa kazi ya "hebu angalia wamesema nini". Mwanamume anasifiwa kwa utulivu, mkewe anageuka karani wake. Sisemi usitoke. Nasema kama unatoka, toka na mzigo wako. Mpigie mwekahazina wa ukoo umwambie kuanzia leo akutumie meseji ya kawaida. Mchango wako wa mwezi upeleke kabla hujadaiwa, maana kwenye lile jedwali la waliochanga jina lako litabaki wazi na wewe hutaliona. Wazee wapigie mwenyewe. Mimi na kaka tulishalimaliza hili: Jumamosi jioni anampigia mwekahazina anauliza kuna nini na nini. Mimi ananipigia kunisalimia tu, na mazungumzo yetu siku hizi yamekuwa matamu zaidi.

Upande wangu, kutoka siwezi, na wala sijawahi kutamani kutoka kabisa. Nashona nguo za kike hapa Dar es Salaam. Zamani mteja alikuja na gauni la jirani kwenye mfuko, au anafungua kalenda yenye picha za mishono iliyobandikwa ukutani kwa fundi. Sasa anafungua simu. "Nataka hivi." Picha imetoka Lagos au Accra, gauni limebana hadi magotini kisha linamwagika chini, mikono imejaa kama maputo. Yeye kaja na doti moja ya kitenge, na gauni la kwenye picha limekula pisi nzima ya yadi 6 na bado kuna bitana. Kazi ya kwanza ya fundi wa siku hizi ni kumfundisha mteja kusoma picha. Naivuta ikue, namwonyesha: tazama hapa ubavuni, mkunjo huu haulali hivi wenyewe, nyuma pamebanwa na pini. Huyu dada kasimama kupiga picha. Wewe unakwenda kukaa ukumbini kuanzia saa moja usiku, utakula, utacheza. Nionyeshe picha akiwa amekaa. Kwa kawaida haipo.

Hilo zoezi la kuuliza nyuma pakoje nimelizoea mpaka nalitumia kwa kila kitu ninachokiona mtandaoni, na ndilo limenisaidia kuliko ushauri wowote wa kuhesabu dakika. Nyumba mpya ya shoga yako imepigwa picha upande uliopakwa rangi. Ile safari ya Zanzibar ya wapenzi wawili, kuna aliyekopa.

Watu wakizungumzia wivu wa mitandaoni huwataja mastaa, magari yao na mahekalu yao. Kwa uzoefu wangu mastaa hawaumizi. Anayeuma ni mtu wa kazi yako, wa mtaa wa pili, aliyeanza baada yako na leo katupia picha ya vyerehani vipya vinne na ovaloki, na chini wateja wako wawili wamempa pongezi. Hapo ndipo usingizi unaruka. Basi kama unataka kupunguza unaowaona, usianze na mastaa. Anza na washindani wako. Instagram inakuruhusu kumzima mtu usione machapisho yake bila kuacha kumfuata, na yeye hataarifiwa. Nimewazima karibu mafundi wote wa kanda yetu. Nikitaka kujua mtindo uliotoka, naenda Kariakoo kwenye maduka ya vitenge, nitazame wanawake wanachagua nini. Kule naona na bei.

Tukiwa kwenye bei, niseme la pembeni: wauzaji wenzangu, ile tabia ya kuandika "bei DM" tuiache. Mnamlazimisha mtu aingie kwenye mazungumzo kwa kitu cha kusoma mara moja, na ninyi wenyewe mnashinda mkijibu swali moja. Mimi naandika bei ya ushonaji chini ya picha. Wanaoona ni ghali wanapita zao, wanaobaki wanakuja na kianzio mkononi.

Nguo yoyote niliyoshona ina pindo. Kurasa za mitandao zimeondolewa pindo makusudi. Zamani ukurasa wa intaneti ulifika chini ukaisha, ukitaka zaidi ulibofya uende wa pili. Mwaka 2006 mbunifu mmoja Mmarekani, Aza Raskin, alitengeneza namna ya ukurasa kuendelea kujipakia kadiri unavyoteremka, na baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anaijutia. Kwa hiyo ukijilaumu kwamba huna nidhamu, jua pia kwamba ile sehemu ya kusimamia iliondolewa kabla hujafika. Pindo inabidi ulitie mwenyewe. Langu ni kuingia na shida yangu: nakwenda kujibu oda, nakwenda kutupia picha ya kazi iliyokamilika, nikimaliza natoka. Asubuhi kabla sijawasha pasi, na jioni baada ya kufagia vipande. Katikati hapo simu iko kwenye droo ya cherehani, hasa wakati wa kukata. Kitambaa cha mtu kikishapita mkasi hakirudi, na hakuna ujumbe wa maana kiasi cha kulipa pisi ya mteja. Wa dharura hupiga.

Picha nazo ni kazi ya kuangalia. Mteja akijaribu gauni, mwanafunzi wangu wa cherehani tayari kainua simu. Namshusha mkono. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, mwanamke aliyejitazama kwenye kioo changu akiwa na zipu wazi mgongoni hakuja kuwa tangazo. Naomba ruhusa nguo ikiwa imeisha, na akisita tu, napiga gauni likiwa limevalishwa sanamu.

Kuna watu biashara yao yote imo ndani ya simu: namba za wateja, vipimo, oda, picha za mishono, mpaka madeni. Hao nawaogopea. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takriban saa 6, kwa sababu zote tatu ni za mwenye mmoja: Instagram ilinunuliwa na Facebook mwaka 2012, WhatsApp mwaka 2014. Waliodhani wana njia tatu za kumpata mteja wakakuta ni njia moja yenye milango mitatu. Na Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurudi. Mimi vipimo vya wateja viko kwenye daftari gumu la kaunta: jina, namba ya simu, bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, tarehe ya kuchukua. Pembeni nachora mshono kwa penseli, vibaya lakini naelewa mwenyewe. Umeme ukatike, bando liishe, daftari linafunguka. Na kwa simu yenyewe, washa uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp leo hii, ile namba ya siri ya tarakimu 6. Wezi wa akaunti wanakuja kwa sauti ya upole, "samahani dada, kuna namba ya uthibitisho nimeituma kwako kimakosa, naomba unisomee." Ukimsomea, baada ya muda mfupi jina lako linawaomba hela mama zako wadogo.

Kwa wazee tatizo ni jingine, nalo ni ule ujumbe uliopitishwa mikono mingi. Dawa ya presha kwa majani fulani, onyo la polisi lisilo na tarehe, sauti ya "daktari" asiye na jina wala hospitali. Mwaka 2020, wakati wa corona na habari za kujifukiza nyungu, zilikuwa zinaingia mfululizo, na Aprili mwaka huo WhatsApp wenyewe wakabana: ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi, unaweza kuupeleka sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Utautambua kwa vile vimishale viwili juu yake. Mama nimemfundisha hivyo vimishale. Sikumwambia asitume, maana kwake kutuma ni namna ya kusema nakuwaza. Nilimwambia akiona vimishale viwili, badala ya kupitisha, atume sauti yake mwenyewe anisalimie. Anatuma ndefu mno, lakini ni yeye.

Sasa turudi kwenye magrupu, kwa sababu muda wa watu wa huku unaliwa hapo kuliko TikTok. TikTok ukiifungua unajua unastarehe. Grupu linakuja na sura ya wajibu, kwa hiyo hujizuii. Kuna la ukoo, la wazazi wa darasa, la kikoba, la mtaa, la kwaya, la waliosoma pamoja, na yale ya harusi, ambayo nadhani yanazaana.

Ninavyofanya: la kikoba na la wazazi wa darasa yanalia, kwa sababu huko kuna tarehe na hela. La ukoo limezimwa sauti lakini nalisoma kila jioni. Yaliyobaki yapo kwenye kumbukumbu, yaani nimeyaficha yasionekane kwenye orodha ya juu, nayafungua mwisho wa wiki. Kisha nenda kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya makundi, uchague ni watu gani wanaoweza kukuingiza; hiyo ipo tangu 2019 na bado nakutana na watu wanaolalamika kwamba "nimeamka nikajikuta nimeungwa". Na usiogope aibu ya kutoka. Tangu 2022 ukiondoka grupuni hakupigwi tena tangazo kwa wote. Wasimamizi ndio wanaojulishwa, ingawa mwenye kudadisi anaweza kuona orodha ya waliotoka siku za karibuni.

Grupu la harusi lina utaratibu wake. Toa ahadi yako mapema kwa kiasi unachokiweza, lipa, tuma ujumbe wa malipo kwa mwekahazina, zima sauti. Hudhuria kikao kimoja kwa mwili wako, utasikika kuliko aliyeandika mara mia. Harusi ikipita, subiri picha na shukrani za kamati, waandikie maharusi neno moja la heri, kisha utoke. Usikae. Ukikaa, miezi michache baadaye mtu atalibadilisha jina liwe la kipaimara au send-off ya mdogo wake bibi harusi, na majina yote yatakuwa tayari yamepangwa kwenye jedwali jipya la michango, la kwako likiwemo.