Maswali Yenu: Tutakuwa Wangapi Mwaka 2100?

SWALI: Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulisema ifikapo 2100 dunia itakuwa na watu bilioni 10.9. Mwaka 2022 wakasema 10.4, na 2024 wakashusha hadi 10.2. Hii ni elimu au ramli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ramli huwezi kuikagua. Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu.

Unaanza na jedwali la watu kwa jinsia na umri, tuseme makundi ya miaka mitano mitano. Kundi la 20–24 unalizidisha kwa sehemu ya wale watakaokuwa hai miaka mitano baadaye, kisha unalihamishia mstari wa 25–29. Wanawake wa miaka 15 hadi 49 unawazidisha kwa kiwango cha uzazi cha umri wao. Watoto wanaopatikana, ukishatoa wanaofariki, wanajaza mstari wa 0–4. Unaongeza wahamiaji walioingia, unatoa waliotoka, unarudia.

Kwa miaka 15 au 20 ya mwanzo hesabu haiyumbi sana, maana karibu mama wote watarajiwa wameshazaliwa. Kasheshe ni baada ya hapo. Chukua wanawake 1,000, nusu ya watoto wao wawe wa kike, na asife yeyote mapema. Kila mmoja akizaa wastani wa watoto 2.1, vitukuu wa kike watakuwa 1,158. Wastani ukiwa 2.6, watakuwa 2,197. Nusu mtoto tu, na baada ya vizazi vitatu tofauti inakaribia mara mbili!

Ndiyo maana namba zinashuka: katika baadhi ya nchi zenye watu wengi, hasa China, uzazi umekuwa chini ya ilivyotarajiwa. Jingine ni data ya mwanzo. Kwenye sensa wengi hutaja umri unaoishia na 0 au 5, na watoto wachanga husahaulika. Mtoto wa kike aliyesahaulika leo ni mama anayekosekana kwenye jedwali miaka 25 ijayo.

Kwa hiyo namba moja peke yake usiibebe. Tafuta uwezekano ulioambatana nayo: makadirio ya 2024 yanatoa takriban asilimia 80 kwamba kilele cha idadi ya watu kitafikiwa ndani ya karne hii. Yale ya 2013 yalitoa kama 30.

SWALI: Naweza kukadiria wilaya yangu bila kompyuta? (Msomaji, Singida)

JIBU: Kwa haraka, gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la mwaka; unapata takriban miaka ambayo watu watachukua kuongezeka maradufu. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, ongezeko likiwa asilimia 3.2 kwa mwaka tangu 2012. 70 kwa 3.2 ni kama miaka 22 kuongezeka maradufu, iwapo kasi haitabadilika. Kwa wilaya tahadhari zaidi: mgodi mmoja ukifunguliwa au kufungwa, uhamiaji unavuruga hesabu yote. Sisi tusingevuka miaka 10.