Mlalahoi: tusi au si tusi?
Uliyeuliza kama ni sawa kumwita mbeba mizigo wa Mwanjelwa, Mbeya, "mlalahoi", jibu linategemea nani anasema. Neno limeungwa na lala na hoi, yaani anayelala akiwa taabani kwa kazi. Liandike kwa pamoja, wingi walalahoi. Fundi akisema "sisi walalahoi bei hiyo hatuiwezi", hakuna kosa, anajihesabu na wenzake. Mwenye gari akishusha kioo na kusema "hawa walalahoi wamejaa barabarani", hiyo ni dharau tupu. Hilo "hawa" ndilo linalouma, maana keshajitoa.

Neno kabwela, yaani mtu wa hali ya chini, lina umri zaidi. Baada ya uhuru liliwekwa mkabala na naizi, mwenye cheo na gari. Wingi makabwela, ila sema "kabwela huyu". "Kabwela hili" inaongeza tusi.

Kwangu baya kuliko yote ni mshamba. Asili yake ni mtu wa shamba, lakini limegeuzwa kuwa asiyejua kitu, na huku tunaishi kwa shamba! Anayeleta viazi Uyole ni mkulima, mwite hivyo. Kwenye barua ya ofisi andika "mwananchi wa kawaida".