Visigino kuinuka mteja anapochuchumaa

Ndugu, umeuliza kwa nini visigino vya mteja wako vinainuka akichuchumaa na chuma begani. Usikimbilie kulaumu mapaja, pima kifundo cha mguu kwanza. Avue viatu, aweke kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, kisha asogeze goti liguse ukuta, kisigino kikibaki chini kabisa. Lisipofika, kifundo kimekaza. Anyooshe shavu la mguu huku goti limekunjwa, sekunde 30 mara 3 kila mguu. Wengi hunyoosha shavu goti likiwa limenyooka tu, na msuli wa ndani wa shavu, ndio unaobana mtu akichuchumaa, haufikiwi vizuri. Kwa sasa muwekee ubao wa sentimita 2 chini ya visigino, na punguza uzito. Akisikia maumivu mbele ya kifundo badala ya nyuma, simamisha. Amwone mtaalamu wa fiziotherapia.