Mnaoanza kununua nyumba za kupangisha kwa mkopo, hesabu tuirudie

Wiki hii nimeletewa tena ile karatasi ya hesabu ya nyumba ya kupangisha. Aliyeileta ni kijana mwingine na nyumba ni nyingine, ila mstari wa mwisho ni uleule: kodi 12%, riba 10%, faida 2%. Wadogo zangu, mstari huo umewaangusha watu wachapakazi ninaowapenda, na uvumilivu wa kumweleza kila mmoja peke yake umenipungua. Basi naandika.

1. Riba si marejesho

Tuseme nyumba ni 1,000. Benki inatoa 700, wewe unaweka 300. Riba ni 10% kwa mwaka, muda ni miaka 15. Benki inataka riba yake na inataka pia deni lenyewe lipungue, kwa hiyo kwa mwaka utarejesha karibu 90. Kodi ya wapangaji ni 120, yaani ile 12% ya bei, lakini hiyo ni ya mwaka ambao mpangaji hakuhama. Toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa wazi, inabaki 110. Toa matengenezo, bima, kodi ya jengo na malipo ya msimamizi, tuseme 33. Mkononi una 77, na unadaiwa 90. Ile faida ya 2% imegeuka pengo la 13 kila mwaka, na pengo hilo linazibwa na mshahara wako.

Ukirefusha mkopo hadi miaka 25, marejesho yanashuka hadi 76 hivi. Umetoka sare, na bomba moja likipasuka sare imekwisha. Ukikopa 500 badala ya 700 kwa miaka ileile 15, unarejesha kama 64 na sasa unapumua. Wakopeshaji wengi hutaka mapato halisi, yaani kodi inayobaki baada ya gharama, yawe walau mara 1.2 au 1.25 ya marejesho. Msiwachukie kwa hilo. Wamezika mikopo mingi kuliko ninyi.

2. Mtaji hauishi siku ya kukabidhiwa funguo

Hapa nitakaa kidogo, maana bado panauma. Kuna dada mmoja niliyeanza naye kazi hii akiwa mdogo, mwepesi wa hesabu kuliko wengi wetu. Alikusanya akiba kwa miaka, akapata nyumba nzuri, akaweka kila alichokuwa nacho kwenye sehemu yake ya bei ili mkopo uwe mdogo. Kwenye karatasi alikuwa sahihi kabisa. Kisha zikaja gharama za wakili, mthamini, ushuru wa kuhamisha hati na ada ya mkopo. Zikala fedha aliyoitengea paa. Akasema paa lisubiri kodi ya miezi michache. Mvua haikusubiri. Mpangaji wa juu akahama, wa chini akaanza kulipa nusu kwa madai ya unyevu, na madai yalikuwa ya haki.

Angesimama hapo, akaenda benki mapema kuomba marejesho yapangwe upya, angepona. Aliona aibu. Akachukua mkopo wa miezi mitatu wenye riba kali ili alipe mkopo wa miaka kumi na tano. Ulipoiva akachukua mwingine kuulipa ule wa kwanza. Hakuniambia, na nilikuwa nakutana naye karibu kila wiki. Anatabasamu, ananiulizia watoto. Nilijua siku aliyoniomba mnunuzi wa haraka. Mnunuzi wa haraka hulipa bei ya haraka: akiba yake yote ilibaki kwenye tofauti ya bei. Nyumba ile leo ina wapangaji wote na paa jipya. Haikuwa nyumba mbaya. Ilikosa mwenye fedha ya miezi sita tu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa ofa, tenga gharama za kuhamisha umiliki, ukarabati wa mwanzo pamoja na nyongeza ya dharura, na marejesho ya miezi sita, kila kimoja mahali pake. Kama baada ya hapo fedha ya kununulia haitoshi, nyumba hiyo si ya kwako kwa sasa.

3. Ukubwa hauokoi

Mwaka 2006 kampuni za Tishman Speyer na BlackRock zilinunua Stuyvesant Town na Peter Cooper Village, makazi mawili pacha ya maghorofa huko Manhattan, New York, yenye fleti zaidi ya 11,000, kwa dola bilioni 5.4, sehemu kubwa ikiwa deni. Marejesho yalitegemea kodi ambazo bado hazijapanda: fleti zenye kodi iliyodhibitiwa kisheria zigeuzwe za bei ya soko. Wapangaji hawakuondoka kwa kasi iliyoandikwa kwenye mpango, na mwaka 2009 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ikaamua dhidi ya wamiliki kuhusu fleti walizokwisha kuziondoa kwenye udhibiti. Januari 2010 majengo yakaachiwa wadai. CalPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa California uliokuwa umewekeza humo, ulipoteza dola milioni 500 pale. Kopa kwa kodi inayolipwa leo.

4. Fedha ya ndugu iandikwe

Ni mkopo au ni ubia? Kama ni mkopo, unalipwa lini hata nyumba ikiwa tupu? Kama ni ubia, hasara mnagawana vipi, na nani ana neno la mwisho kwenye kuuza? Shangazi aliyekupa fedha bila karatasi anakumbuka alichoelewa yeye, na ana haki.

5. Ya haraka

Hati itafutwe kwa msajili kabla ya kutoa hata arubuni. Akaunti ya nyumba isichanganywe na ya nyumbani. Riba ikiwa ya kubadilika, rudia hesabu ya namba 1 ukiongeza pointi tatu za asilimia, yaani 10% iwe 13%.

6. Kukopa tena juu ya nyumba iliyopanda thamani

Mnalipenda hili, nami nalitumia. Ila fedha inayotoka hapo ni deni jipya, msiihesabu kama faida. Ukiichukua kununua nyumba ya pili, nyumba ya kwanza inarudi kwenye hesabu ya namba 1, kwa marejesho makubwa zaidi na wapangaji walewale. Nileteeni hesabu za nyumba zote mbili kwenye ukurasa mmoja, kila moja ikiwa na mwezi wake wa kukaa wazi.