Upepo Usiotulia: Bawa la Kushika, Foili ya Kufunga na Wimbi la Kuacha

Haya ni ya anayeteleza baharini kwa bawa na foili (wing foil): mkononi ameshika bawa la kupulizwa hewa linalomvuta kwa upepo, na chini ya ubao amefunga foili, yaani bawa la chini ya maji kwenye mlingoti, linaloinua ubao juu ya maji. Utabiri ukisema noti 16 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), usitegemee noti 16. Huo ni wastani. Kinachoamua siku yako ni namba mbili zilizojificha nyuma yake: upepo ukilegea unashuka hadi wapi, na ukikaza unapanda hadi wapi. Siku ya noti 14 hadi 18 ni siku ya raha. Siku ya noti 10 hadi 22 ina wastani uleule, lakini ni bahari nyingine kabisa, na vifaa vya siku ya kwanza vitakutesa.

Sababu ni moja: nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Kutoka noti 14 hadi 20 zimeongezeka noti 6 tu, lakini mvuto mkononi umekuwa maradufu. Ndiyo maana mtu aliyekuwa anateleza vizuri anajikuta ghafla amenyanyuliwa mabega, ubao umepaa na foili imetoka nje ya maji, naye anashindwa kuelewa amekosea wapi. Hajakosea mwendo. Alichagua bawa kwa upepo aliousikia alipokuwa amesimama mchangani.

Kwa siku kama hizo kanuni yetu ni hii: bawa lichague kwa upepo unapokaza, foili ichague kwa upepo unapolegea. Bawa dogo kidogo unaweza kulidhibiti upepo ukipanda. Foili kubwa kidogo inakubeba upepo ukishuka, kwa sababu inaendelea kuinua hata mwendo ukipungua. Wengi hufanya kinyume: wanapulizia bawa kubwa ili waweze kuinuka, kisha wanafunga foili ndogo kwa sababu ndiyo yenye kasi. Upepo ukilegea wanazama, ukikaza wanaburutwa.

Tuseme una kilo 75 na tayari unajua kuinuka juu ya foili. Bawa la mita za mraba 5 linakutosha kati ya noti 14 na 20. La mita 4 linafaa noti 18 hadi 25, na la mita 3 ni la kuanzia noti 25 kwenda juu. La mita 6 ni la noti 11 hadi 15, ingawa kwa urefu wake ncha hugusa maji kila unapogeuka, na hilo huchosha kuliko upepo wenyewe. Kila kilo 10 zaidi au pungufu zisogeze mipaka hiyo kwa noti 2 hivi. Foili ambayo bawa lake la mbele lina sentimita za mraba 1,200 hadi 1,500 inasamehe mengi. Chini ya 900 inataka mwendo na upepo usiokatika.

Ubao nao una sehemu yake. Anayeanza ajipe ubao wenye ujazo wa lita 25 hadi 40 juu ya uzito wake wa kilo. Mwenye uzoefu anaweza kushuka hadi idadi ya lita iliyo sawa na kilo zake, au chini ya hapo. Lakini ubao unaozama chini yako ukisimama ni ubao wa siku ya upepo wa uhakika. Upepo ukikatika ukiwa mita 600 kutoka ufukweni hutaweza hata kupiga magoti juu yake. Siku ya upepo wa kubahatisha, chukua ubao mkubwa na uache majivuno.

Kusoma maji kabla ya kupuliza bawa

Kaa dakika 20 ukitazama. Utabiri wa simu haujui kwamba kuna kilima nyuma yako kinachokata upepo vipande vipande. Vilele vyeupe vya povu vikianza kuonekana hapa na pale, upepo uko noti 7 hadi 10. Vikiwa vingi, ni 11 hadi 16. Bahari ikiwa nyeupe kila upande na rasharasha za maji zinaanza kuruka, ni 17 hadi 21. Tazama pia mabaka meusi yanayotambaa juu ya maji kuja upande wako: huo ni upepo mkali unaofika. Hesabu muda kati ya baka na baka. Yakifuatana kwa karibu, mkono wako utazoea. Yakiachana kwa dakika kadhaa, na katikati maji yamelala kama kioo, jiandae kuogelea.

Upepo unaotokana na joto la nchi kavu huanza kabla ya adhuhuri, hushika kasi alasiri na kufa jua likielekea kuzama. Anayeingia saa kumi na moja jioni kwa sababu "bado unavuma" anaweza kurudi gizani akipiga makasia kwa mikono. Wingu jeusi lenye pazia la mvua chini yake ni jambo jingine: hewa baridi hushuka nalo na kusambaa mbele yake, hivyo upepo unaweza kugeuka upande na kuongezeka mara mbili kabla tone la kwanza halijakufikia. Ukihisi ubaridi wa ghafla usoni, geuka urudi. Ukisikia radi, toka majini, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kitu ambacho wengi hawakihesabu ni maji kujaa na kupwa. Ukiwa majini unasafiri na mkondo. Upepo wa noti 15 ukikutana na mkondo wa noti 2 unaokuja kinyume, bawa linaona noti 17. Mkondo ukigeuka na kufuata upepo, bawa linaona 13. Upepo haujabadilika hata kidogo, lakini mvuto umepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) mabadiliko hayo ni makubwa zaidi kuliko siku za maji mafu. Mkondo unaopinga upepo pia husimamisha mawimbi yakawa mafupi na makali, na mkondo unaoufuata huyalaza. Kwa hiyo jua saa ya maji kugeuka kabla hujaamua utakwenda umbali gani demani (upande upepo unakoelekea), maana kurudi kwa kupiga bisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, huku mkondo unakuvuta nyuma kunaweza kuchukua muda mara tatu ya kwenda.

Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini usiingie nao kwa bawa, isipokuwa kuna boti ya kukufuata. Karibu na ufukwe unaonekana mpole kwa sababu miti na majengo yanauzuia, na maji yamelala. Ukisogea mita 300 unapata upepo halisi, na kila kosa linakusukuma mbali zaidi. Unaofaa ni upepo wa ubavuni, au wa ubavuni unaoelekea kidogo ufukweni.

Sentimita moja ya mlingoti

Mlingoti wa foili hufungwa kwenye reli mbili chini ya ubao, na mahali unapoufunga hubadilisha kila kitu. Ukiusogeza mbele, ubao unainuka mapema na mguu wa mbele unalazimika kukandamiza zaidi. Ukiurudisha nyuma, ubao unatulia lakini unachelewa kuinuka. Anza katikati, weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha songa sentimita 1 kwa wakati. Sentimita moja utaihisi. Tatu zitakutupa.

Siku ya upepo unaopanda na kushuka, rudisha mlingoti nyuma sentimita 1 kuliko kawaida yako. Nguvu ya kuinua nayo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo upepo ukikaza foili hukusukuma juu bila kukuuliza. Ikitoboa uso wa maji, hewa hushuka juu ya bawa lake, nguvu ya kuinua inakatika papo hapo, na pua ya ubao inadidimia. Kinachozuia hilo ni uzito: upepo ukifika, peleka nyonga mbele, kandamiza mguu wa mbele, na wakati huohuo legeza mkono wa nyuma ili bawa limwage upepo. Usivute mikono yote miwili kuelekea kifuani. Ni silika ya kila anayeogopa, na ndiyo inayofunga bawa na kuongeza mvuto.

Upepo ukilegea fanya kinyume, lakini polepole. Geuka kidogo demani upate mwendo, usisimamishe bawa juu ya kichwa, na piga foili kwa miguu: kandamiza, achia, kandamiza, achia, kwa mpigo wa haraka na mfupi. Foili ndefu na nyembamba hupigwa kwa urahisi zaidi kuliko fupi na nene. Ukihisi ubao unagusa maji mara ya pili, acha kupigana nao, kaa chini, subiri baka lijalo.

Hewa ya bawa nayo: soma kiwango kilichoandikwa karibu na vali, kwa kawaida kati ya psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 6 na 9 kwenye ukingo wa mbele. Bawa lenye hewa pungufu hujikunja katikati upepo ukikaza, linapigapiga, na unadhani upepo ndio mbaya. Ukiliacha juani kwenye mchanga wa moto hewa inatanuka hadi mshono unaweza kuachia. Ukiingia maji baridi inapungua. Lipulize kivulini, na likague tena kabla ya kuingia.

Mawimbi

Hapa kanuni ya foili kubwa inaanza kukuponza, kwa sababu wimbi lenyewe linakupa mwendo. Foili ya 1,500 ukishuka nayo kwenye uso wa wimbi la mita moja na nusu itapanda tu, hata ukilala juu ya mguu wa mbele. Kama mawimbi ndiyo shabaha, na upepo wa kukufikisha kule upo, shuka hadi 800 au 1,000. Ukikosa uhakika, chukua ndogo siku ya mawimbi makubwa na kubwa siku ya mawimbi madogo.

Utabiri wa wimbi una namba mbili pia: kimo, na sekunde kati ya kilele na kilele. Ya pili hupuuzwa, nayo ndiyo inayoeleza mwendo. Katika maji ya kina, zidisha sekunde hizo kwa 1.56 upate mwendo wa wimbi kwa mita kwa sekunde. Wimbi la sekunde 5 lililozaliwa na upepo wa leo linakwenda mita 7.8 kwa sekunde, kama kilomita 28 kwa saa, na foili inaweza kulifikia. Wimbi la sekunde 14 lililosafiri kutoka mbali linapita kwa kilomita 79 kwa saa. Huko nje hulipati. Lisubiri karibu, kwa kuwa linapofika kwenye kina cha mita 5 limeshapungua hadi kilomita 25 hivi kwa saa, na hapo ndipo linapoanza kusimama.

Ukilipata, shika bawa kwa mpini wa mbele tu na uliachie lielee nyuma yako. Wimbi linakuvuta, bawa halina kazi. Toka kabla halijavunjika: wimbi la mita 1 huvunjika kwenye kina cha mita 1.3 hivi, na mlingoti wako wa sentimita 80 pamoja na foili hauna pa kujificha pale. Ukianguka, anguka ubavu, mbali na foili, wala usipige mbizi kwa kichwa. Usikae kamwe kati ya ubao na ufukwe wimbi linapokuja.

Kwa ubao wa kawaida wa kuteleza, bila foili, upepo hafifu kutoka nchi kavu ni zawadi: unashikilia ukuta wa wimbi usiporomoke mapema. Ukizidi, unakuchelewesha kusimama na kukumwagia maji machoni. Upepo kutoka baharini hubomoa kilele, kwa hiyo ongeza lita 5 hadi 10, kaa ndani kidogo, na chagua wimbi la pili au la tatu katika kundi badala ya la kwanza. Maji yakipwa juu ya mwamba, wimbi hukaza na kuwa na tundu, nalo ni hatari. Maji yakijaa, linanona na kukosa nguvu.

Aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapovunjika ndiye mwenye haki nalo. Aliye juu ya wimbi ana haki mbele ya anayetoka ufukweni kwenda nje. Ukiwa na foili, kaa mbali kabisa na waogeleaji na wenye mbao za kawaida, maana chini yako kuna makali wasiyoyaona.

Upepo ukifa kabisa, usiache ubao, na usipunguze hewa ya bawa haraka. Lala kifudifudi juu ya ubao, geuza bawa chali uliburute kwa kamba yake, piga makasia kwa mikono ukikata mkondo badala ya kuupinga. Usipopata umbali baada ya robo saa, kaa juu ya ubao, inua mikono miwili na kuishusha taratibu pembeni, mara kwa mara, na ubaki hapohapo na vifaa vyako. Bawa lililojaa hewa linaonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu.

Ukitoka, osha foili kwa maji yasiyo na chumvi na ufungue skrubu zote siku hiyohiyo. Skrubu za chuma cha pua ndani ya alumini yenye chumvi hugandana, na baada ya miezi michache utahitaji drili kuzitoa. Paka grisi ya baharini kidogo kwenye nyuzi kabla ya kufunga tena.